Sauti Juu ya Friji

Yapo matusi ya barabarani, ambayo mtu anatukanwa, anajibu hapo hapo, na mambo yanaishia hapo. Na yapo matusi ya ofisini. Haya hutolewa kwa upole, kutoka kwenye kiti cha kuzunguka, huku mtukanaji amekuagizia na chai. Mama Mkwe alitukanwa haya ya pili, Jumatatu asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba chini.

Kwanza ieleweke kwamba Mama Mkwe hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale kazini, wala hakuwa bibi kizee. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa mwendo na mwepesi zaidi wa kuchemka, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni zinazorushwa na kituo kimoja cha televisheni ya setilaiti. Kwa sauti hiyo alishakuwa malkia, muuguzi, mke mdogo, jambazi, na mara moja, mwenzake alipougua, mtoto wa kiume wa darasa la kwanza. Lakini jina lililomganda ni hilo la Mama Mkwe, kutokana na tamthilia iliyopendwa kuliko zote, ya familia inayogombea nyumba. Humo yeye alikuwa mwenye nyumba, mama mgonjwa wa kitandani, ambaye tangu mwanzo sura yake haionekani. Kamera inaonyesha mlango wa chumba chake tu. Yeye anaita kutoka ndani, anauliza, anakemea, anacheka peke yake, na walioko nje wanamwitikia au wanajifanya hawakusikia. Mtu wa namna hiyo ukimwondolea sauti umemmaliza. Hana macho ya kutoa machozi wala mkono wa kutikisa.

"Karibu mama, kaa," bosi wa vipindi alimwambia.

Bosi huyu alikuwa kijana nadhifu, tai shingoni, na alikuwa na tabia moja ambayo wafanyakazi wote waliijua: akitaka kusema jambo baya hupanga kalamu zake kwanza. Siku hiyo alizipanga, akazipangua, akazipanga tena.

"Nitakuwa muwazi. Watazamaji wanalalamika."

"Wanalalamikia nini?"

"Wewe, mama." Akachukua simu yake, akaanza kusoma. "'Huyo bibi chumbani anasema nini? Hatumsikii.' Huyu mwingine: 'Kwani bibi siku hizi amekuwa bubu?' Na huyu: 'Mwambieni huyo mama anywe maji ya moto, sauti haitoki.' Ziko nyingi. Tangu msimu huu mpya uanze."

Mama Mkwe alimkodolea macho. "Hawanisikii vipi? Mle ndani nafoka mpaka mlinzi wa getini ananipa pole!"

"Ndiyo maana sikukurupuka. Nimemwita Mtaalamu wetu wa sauti, tumesikiliza wote hapa ofisini, kwenye spika zetu. Unasikika safi kabisa."

"Haya. Si umesema mwenyewe?"

"Sasa kama hapa unasikika na kule husikiki, mitambo haina kosa." Akasogeza kalamu moja. "Inaonekana zipo sauti ambazo zikishafika umri fulani, hazipandi setilaiti vizuri."

Jamani! Sauti haipandi setilaiti! Kama vile setilaiti ni ghorofa na sauti ni bibi mwenye magoti mabovu. Mama Mkwe alijua fika kwamba huo ni upuuzi, na aliyeutamka naye alijua, lakini upuuzi ukisemwa na mtu mwenye ofisi huwa unakaa mezani kama kitu cha maana, na wewe mwenye akili timamu ndiye unayetafuta pa kuangalia.

"Kwa hiyo tumepata binti mmoja kutoka redioni," bosi aliendelea, kwa sauti ya kumliwaza mgonjwa. "Ana sauti nzito, uzee anauigiza vizuri. Ataanza na sehemu ya Ijumaa."

Hapo ndipo alipomkata maini. Sehemu ya Ijumaa ilikuwa ya mwisho, na ndani yake mlikuwa na maneno ambayo Mama Mkwe aliyangojea tangu siku ya kwanza. Muda wote mama yule wa kitandani anaita tu: maji, dirisha, nani yupo hapo. Siku ya mwisho ndipo anapozungumza. Familia nzima imesimama nje ya mlango, na yeye kutoka ndani anawaambia kila alichokisikia kwa muda wote aliolala, na nani anamwachia nyumba. Mama Mkwe alishaingiza sauti yake juma lililopita. Alipomaliza, Mtaalamu, aliyekuwa akimsikiliza nyuma ya kioo, alivua vifaa vyake vya masikioni akajifuta uso. Katika miaka yote ya kukopesha midomo ya watu wengine sauti yake, hakuwahi kuwa na kitu kama kile. Na sasa anaambiwa kikafanywe na binti wa redioni, kwa kuwa setilaiti imemkataa.

"Sikubali," alisema.

"Si suala la kukubali, mama. Kunywa chai."

Chai hakuinywa. Aliiacha pale pale na mvuke wake, akatoka, na mlango akaufunga kwa namna ambayo hata setilaiti ingesikia.

Jioni hiyo hakurudi kwake, alikwenda kwa kaka yake. Mtu akidhalilishwa anataka kukaa na watu wanaomjua vizuri, na kaka yake ndiye aliyekuwa shabiki wake wa kwanza. Kila wakikutana utamsikia, "Jana ulitisha, mdogo wangu! Uliwanyoosha wote!" Yeye mwenyewe Mama Mkwe tamthilia alikuwa haiangalii. Muda inapoonyeshwa, kabla tu ya taarifa ya habari, kwa kawaida alikuwa studio akiingiza sauti za sehemu zinazofuata. Tena, kusema kweli, hakupenda kujisikiliza.

Alimkuta kaka sebuleni mbele ya televisheni, na wifi yake jikoni akikata vitunguu. Aliwasimulia yote akiwa amesimama kwenye mlango ulio kati ya sebule na jiko, ili wasikie wote wawili, na kila alipofika kwenye lile neno la kupanda setilaiti alilirudia mara mbili. Kaka alijikuna kisogo, akakazia macho rimoti. Wifi ndiye aliyewaka.

"Hawakusikii? Hayo ni masikio au mapambo? Mbona mimi nakusikia kila siku mpaka nakuitikia!"

"Unanifariji tu, wifi."

"Nikufariji kwani umefiwa? Kaa hapo, inaanza sasa hivi, utajisikia mwenyewe."

Mama Mkwe akakaa, na wifi akaufunga mlango wa jikoni kama kawaida yake, vitunguu visiwachome macho. Kaka akaongeza sauti, na hakuacha kujisifu kidogo, maana ile seti ya spika tano na sabufa yake aliinunua kwa makeke, msimu ulipoanza, pale kituo kilipotangaza asubuhi na jioni kwamba sasa kinarusha sauti ya mzunguko: sikia kana kwamba upo ndani ya nyumba yao! Muziki wa kuanzia ulipopigwa, kochi lilitetemeka. Viatu vya watu kwenye sakafu ya nyumba ile ya tamthilia vilisikika kimoja kimoja. Kijiko kikagonga kikombe. Kisha yule mke wa mtoto mkubwa, ndiye pekee aliyekuwa akimhudumia mgonjwa, akaja na sinia mpaka kwenye mlango uliofungwa, akasimama, akatega sikio.

Kimya.

"Ndiyo mama," akasema yule mke. "Nimekuletea."

Kimya tena. Yule mke akacheka, kama mtu aliyetaniwa, na hakuna aliyemtania. Mama Mkwe alisogea ukingoni mwa kochi. Aliyajua maneno yaliyotakiwa kuwa pale. Aliyasema mwenyewe, na alikumbuka hata pumzi aliyovuta kati yake. Basi ni kweli. Basi sauti imekwisha, na yeye alikuwa akizunguka mjini nayo kama mtu anayetembea na zipu wazi.

Halafu mtoto mmoja akatoka jikoni na kuuacha mlango wazi, na kutoka kule Mama Mkwe akasikia mwanamke anakohoa na kuuliza, "Nani yupo hapo?"

"Mimi hapa mama!" wifi akaitikia, kisu hakijasimama. "Nakata vitunguu!"

"Mbona mlango umefungwa? Mimi nimekuwa mwizi?"

"Hapana mama, ni hawa wanao!"

Mama Mkwe aliinuka kwenye kochi taratibu. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa inatoka jikoni, wazi, nzito, imejaa dharau ile ile aliyoitia. Akaingia. Juu ya friji, kati ya kopo la chumvi na chupa ya mafuta, palikuwa na spika.

"Hii inafanya nini hapa?"

"Kaka yako alitaka kuzitundika mbili nyuma ya kochi," wifi alisema. "Nikamwambia sitaki nyaya juu ya kichwa changu. Hii nikaichukua, nisikilize muziki nikipika. Ile nyingine ipo kwenye varanda, nimeikalishia chungu cha maua."

Waya ulitoka nyuma ya friji, ukapita ukutani kwa vipande vya gundi ya karatasi, ukazunguka fremu ya mlango na kurudi sebuleni. Mama Mkwe aliufuata kwa macho mpaka mwisho, na mwisho wake alikuwa amekaa kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa anachunguza dari.

"Wewe," alimwambia. "'Jana ulitisha.' 'Uliwanyoosha.' Ulikuwa unanisikia?"

"Mdogo wangu..."

"Nimeuliza, ulikuwa unanisikia?"

"Nilidhani ndivyo ilivyotungwa," kaka alisema kwa unyonge. "Kwamba bibi hasemi, wao ndio wanajifanya kama anasema. Nikasema labda ni usanii. Sasa nikuambie sikusikii, na ndiyo kazi yako?"

Mwanamume mzima! Msimu mzima amemvisha dada yake kilemba cha ukoka, kwa huruma! Kama pasingekuwa na lingine la kukasirikia kwa haraka zaidi, usiku ule kaka angelala na njaa. Lakini Mama Mkwe alikuwa ameshatoa simu, anampigia Mtaalamu.

Mtaalamu ndiye fundi wa sauti. Jina hilo walimbandika aliporudi kutoka kwenye mafunzo nje ya nchi, akiwa hana habari nyingine isipokuwa sauti ya mzunguko. Alimweleza kila mtu, mpaka mpishi wa kantini, kwamba zamani sauti ilikwenda nyumbani kwa njia mbili, kushoto na kulia, lakini sasa inakwenda kwa njia sita: tatu mbele, moja ya kishindo, na mbili nyuma ya mtazamaji. Mvua aliiweka nyuma. Ndege aliwaweka nyuma. Alikuwa fundi mzuri, wala hakuwa na roho mbaya, ila alipenda spika kuliko alivyowapenda watu wanaozisikiliza.

"Mimi umeniweka wapi?" Mama Mkwe alimwuliza, bila salamu.

"Wewe? Nyuma kushoto, mama." Sauti ya Mtaalamu ilichangamka. "Ili mtazamaji ahisi anaitwa kutoka chumba cha ndani. Hata bosi alisisimka. Ukikaa pale katikati ya chumba, nywele zinasimama."

"Na ambaye hana spika za nyuma?"

"King'amuzi chake kinatakiwa kuzichukua za nyuma, kuzichanganya na za mbele."

"Kinatakiwa. Kinafanya?"

"Vile vya bei kubwa vinafanya. Hivi vya bei rahisi vinachukua za mbele, za nyuma vinaziacha."

"Watu wengi wana vipi?"

"Hivi vya bei rahisi," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi: "Mama yangu wee."

Kesho yake Mama Mkwe aliingia ofisini kwa bosi bila kubisha hodi, na Mtaalamu nyuma yake, kichwa chini. Alieleza yote: spika ya jikoni, waya, ving'amuzi, mbele na nyuma. Mtaalamu alithibitisha kwa maneno machache, akiviangalia viatu vyake, akasema kosa ni lake na hakukusudia. Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, na hapa ndipo Mama Mkwe alipotakiwa kujua, akaanza kupanga kalamu.

"Ngoja nielewe. Tangu msimu uanze, karibu watazamaji wote hawajakusikia?"

"Ndiyo!"

"Hata neno moja."

"Hata kukohoa!"

"Basi hilo limeturahisishia kazi," bosi alisema, na uso wake ulikunjuka kabisa. "Nilikuwa na wasiwasi kwamba watashangaa sauti ikibadilika ghafla. Kumbe hawana sauti wanayoikumbuka. Binti ameshasaini, na jana ile ile ameingiza sauti. Mtaalamu, sehemu ya Ijumaa mweke mbele, katikati, asikike na kila mtu."

Mama Mkwe, yeye ambaye maneno ndiyo kazi yake, alisogea mpaka kwenye meza ya kalamu. Maneno yalikuja yote.

"Bosi, hebu nikurudishie hayo uliyosema, labda hukujisikia. Mmenipeleka nyuma, kosa lenu. Nikawa sisikiki, mkaniita mzee. Nimewaletea ukweli, kwamba sauti ninayo, mnasema vizuri sana, kwa kuwa watu hatukuwahi kuwasikilizisha sauti yako, hakuna atakayejua ukiondoka. Kwa hiyo mimi kosa langu ni lipi? Ni kutosikika, au ni kuja kusema kwa nini sikusikika?"

"Usilichukulie hivyo, mama. Ni suala la ratiba tu."

"Ratiba!"

"Na mkataba. Mambo yameshapita juu."

"Yamepandaje huko juu? Yenyewe hayana magoti?"

Mtaalamu alitoa sauti ndogo, ama ya kicheko ama ya kilio. Bosi hakuielewa hoja hiyo, au aliielewa akaiweka pembeni pamoja na kalamu. Akasimama kumfungulia mlango. Uso mkavu, heshima zote, karibu tena mama.

Kwenye korido alikutana uso kwa uso na binti mwenyewe, msichana mrefu mwenye mtandio wa kijani na begi mgongoni. Mama Mkwe alimtambua kwa sauti tu, maana binti alimwamkia.

"Shikamoo, mama. Jamani, pole sana. Wameniambia koo limekushika vibaya, daktari amekukataza kuongea. Mimi nimekuwa nikikusikiliza wewe tangu nikiwa shule. Nimeogopa sana kushika nafasi yako."

Mama Mkwe alikuwa na povu la kutosha mtu yeyote, lakini alimwangalia yule binti na kuona kwamba hana hili wala lile. Naye kadanganywa. Walikuwa wamemtafutia hata daktari!

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Koo langu zima. Unalisikia lilivyo zima?"

Binti aligeuka kuangalia mlango wa bosi. Mama Mkwe alimwacha pale na mawazo yake.

Siku zilizobaki hazikumpa usingizi wa maana. Alizungumza na bosi kichwani wakati wa kufua, wakati wa kupiga mswaki, na mara moja kwa sauti kubwa ndani ya duka la dawa, mpaka muuzaji akamwuliza kama anahitaji kukaa. Wifi alimpigia simu Ijumaa mchana. Alimwambia aje wale tu, televisheni wataizima. Mama Mkwe alimjibu kwamba hakuna kuzima. Alitaka kuishuhudia fedheha hiyo kwa macho yake, ili akija kusimulia asije akaambiwa anatia chumvi.

Kwa hiyo jioni walikaa wote sebuleni. Kaka hakuthubutu hata kujisifia sabufa yake. Watoto walikaa chini kwenye zulia, na walishaonywa wasimwulize shangazi kitu. Wifi alizima jiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa tamthilia, akaja kukaa karibu na Mama Mkwe, bega kwa bega.

Ikafika. Familia ile ya kwenye televisheni ilikusanyika nje ya mlango wa chumba cha mama: watoto wakubwa na wake zao, mwanasheria wao na mkoba wake, na kule mwisho kabisa yule mke wa mtoto mkubwa na sinia lake. Mlango ukajaa kwenye skrini. Na kutoka kwenye ile spika ndogo ya katikati, chini ya televisheni, ikatoka sauti ya binti, kila neno wazi.

"Kumbe mmekuja wote," ilisema.

Na haikuwa mbaya. Hilo ndilo lililomuuma Mama Mkwe zaidi ya yote. Ingekuwa mbaya angecheka, angepata la kuwashika nalo. Lakini binti alijitahidi, alivuta pumzi pale pale alipovuta yeye, na ungeona wazi kwamba aliisikiliza kanda ya mwenzake na kuifuata kama mtoto anayefuatisha herufi kwa penseli. Ilikuwa ni kazi yake ile, imevaliwa na mtu mwingine. Mama Mkwe alishika mkono wa kochi na kuubana.

Ndipo mtoto mdogo aliposahau maonyo yote. "Shangazi! Upo jikoni!"

Wote wakageuka. Kweli kabisa. Kutoka jikoni, mbele kidogo ya sauti ya binti, kama nusu pumzi, ilikuwa inakuja ile nyingine, nzito, yenye dharau, isiyoiga mtu. Mtaalamu alimweka binti mbele, kama alivyoagizwa. Nyuma, alikoiweka sauti ya Mama Mkwe juma lililopita, hakugusa kitu. Alisahau, au hakutaka kukumbuka. Hakuna aliyemwuliza mpaka leo, na mwenyewe hajasema.

Wifi alikuwa wa kwanza kuinuka. "Twendeni jikoni," alisema, na watoto wakanyanyuka kumfuata.

"Hapana!"

Walisimama pale walipokuwa. Mama Mkwe alikuwa ameshasimama, miwani ikicheza kifuani.

"Jikoni hatwendi. Msimu mzima nimekaa jikoni!"

Aliingia mwenyewe, akaibeba ile spika kutoka juu ya friji kwa mikono miwili, na kopo la chumvi likaanguka na kumwagika lote. Hakuliangalia. Akarudi akiivuta, na ule waya ukabanduka ukutani, kipande cha gundi baada ya kipande, pamoja na rangi, kuanzia kwenye friji mpaka kwenye fremu ya mlango mpaka sebuleni. Wifi aliona rangi ya ukuta wake inavyokwenda, akasogeza watoto wampishe. Spika ilikuwa inaongea muda wote huo mikononi mwake, kifuani mwake, sauti yake mwenyewe ikimtetemesha mbavu. Akaitua mbele ya televisheni, katikati, akaigeuzia watu.

Sasa sauti mbili zilikuwa mbele, zinakanyagana, na hakuna neno lililosikika sawasawa. Kaka ndiye aliyeinuka. Hakuambiwa na mtu. Alipiga magoti nyuma ya seti yake ya spika tano, ile aliyokuwa hataki mtoto aiguse hata kwa kitambaa cha vumbi, akapapasa, akapata waya wa ile spika ndogo ya katikati, na akaung'oa.

Binti alikatika katikati ya neno. Ikabaki moja.

"...mnapita hapa mlangoni mnanong'ona," mama yule alikuwa anasema, "mkidhani aliyelala hasikii tena. Nimesikia. Nimesikia mnavyopima vyumba vyangu kwa hatua. Nimesikia mkiuliza daktari kwa nini nachelewa. Niliita maji, mkaongeza sauti ya redio. Niliita jina lako wewe mkubwa, ukamwambia mwenzako, mwache, anaota. Sikuwa naota. Nilikuwa nawaita. Nyumba hii simwachii mwenye haki wala mwenye akili. Namwachia yule aliyekuwa akiniitikia."

Kwenye skrini watu walikuwa wameinamisha vichwa. Wifi alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, na hakujifuta. Mama Mkwe hakulia. Alisimama pembeni ya televisheni kama mtu anayelinda mlango, kidevu juu, na maneno aliyoyajua yote kwa moyo aliyasikiliza kana kwamba anaambiwa yeye, na hasira zake hazikupungua hata chembe. Kwa nini zipungue? Katika nyumba zote zenye dishi juu ya bati, sauti hii ilikuwa inasikika labda katika hii moja tu, na ilibidi ibebwe mikononi.

Mama wa kwenye tamthilia alikohoa. Kisha akauliza lile swali lake la siku zote, kwa sauti ya chini, na safari hii kulikuwa na hofu ndani yake.

"Nani yupo hapo?"

Kwenye skrini hakuna aliyejibu, maana hapo ndipo inapoishia. Picha ilibaki kwenye mlango, na muziki ukaanza taratibu. Sebuleni nako hakuna aliyejibu. Watoto walimwangalia mama yao, aliyezoea kuitikia, lakini wifi alikuwa hawezi.

"Mimi, mdogo wangu," kaka alisema kutoka kule nyuma ya seti, bado amepiga magoti, waya mkononi. "Nipo. Leo nimekusikia."

Mama Mkwe aliichukua miwani kifuani, akaivaa, akamwangalia.

"Umechelewa," alimwambia. "Lakini simama, utaumia magoti. Na hii spika usiirudishe popote. Kesho naipeleka ofisini, naitua juu ya kalamu za bosi."